Mwangwi wa Rada na Ramani ya Piyaya

Anayefungua taswira ghafi ya rada ya setilaiti ya Sentinel-1 kwa mara ya kwanza, akiitafuta kata ya Piyaya, hupotea. Ziwa Natron, ambalo kila mchungaji wa Wilaya ya Ngorongoro anajua liko mashariki, linaonekana kushoto. Nyanda za Serengeti, zilizoko magharibi, zimehamia kulia. Ol Doinyo Lengai umelala ubavu, kilele kimeegemea mguu wake. Hakuna kilichoharibika. Setilaiti ilikuwa ikishuka kutoka kaskazini kwenda kusini huku ikitazama mkono wake wa kulia, yaani magharibi, nayo ikaandika kwanza mwangwi uliorudi mapema. Uliorudi mapema ni ule wa mashariki, ulio karibu na njia yake. Faili limehifadhi mambo kwa mpangilio yaliyofika nao. Kaskazini ni wapi, bado halijui.

Mhadhara huu unahusu kazi iliyopo kati ya faili hilo na ramani ambayo mwenyekiti wa kijiji, afisa mifugo au mpima ardhi anaweza kuitandaza juu ya barabara, mipaka na visima vyake. Mafundi huiita kazi hiyo kubadili umbizo la faili, na jina hilo limeifanya ionekane kazi ya ukarani. Ukweli ni kwamba kila hatua ya ubadilishaji ni uamuzi kuhusu ardhi: mlima ukae wapi, lambo lipi libaki na lipi lifutike, mstari upite upande gani wa korongo. Maamuzi hayo hufanywa na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, mara nyingi mbali sana na mahali panapohusika, na mara nyingi bila yeye mwenyewe kutambua kwamba ameamua jambo. Wanaoishi mahali hapo wana haki ya kuyajua.

Piyaya ni kata ya wafugaji wa Kimasai katika Mkoa wa Arusha, pembezoni mwa nyanda za nyasi fupi za Serengeti. Kusini mwake inasimama milima ya Gol. Mbele zaidi, kusini-mashariki, kuna uwanda wa Salei, kisha Lengai na ukuta wa Bonde la Ufa. Maisha ya hapo yanategemea mvua imenyesha wapi na lini, maji yamesimama kwenye lambo gani, na nyasi zimeota upande upi. Haya ndiyo mambo ambayo setilaiti inaweza kuyaona. Tatizo ni kwamba setilaiti za kamera, zile za Landsat na Sentinel-2, hutegemea mwanga wa jua na anga safi. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, wakati ambapo taarifa za maji zinatakiwa kuliko wakati wowote, mawingu huikalia nchi ya juu na picha nyingi hutoka nyeupe tupu.

Rada haisubiri anga litakate. Inapeleka mawimbi yake yenyewe kwa mshazari, kama mchungaji amulikaye tochi pembeni usiku akitafuta ndama, kisha inasikiliza kilichorudi. Sentinel-1A ilirushwa tarehe 3 Aprili 2014 na kuwekwa kimo cha kilomita 693. Wimbi lake lina urefu wa sentimita 5.6 hivi, unaopenya mawingu na moshi, na hufanya kazi usiku sawasawa na mchana. Njia yake imepangwa ipite juu ya nchi yoyote karibu na saa kumi na mbili, ya asubuhi au ya jioni, kwa saa za jua, na inarudi kwenye mstari uleule kila baada ya siku 12. Pacha wake wa kwanza, Sentinel-1B, alirushwa 2016 akaharibika Desemba 2021. Sentinel-1C alifuata Desemba 2024. Data zote hizo hutolewa bure kwa yeyote duniani. Uamuzi huo wa Umoja wa Ulaya wa kutotoza hata senti umelinufaisha bara la Afrika kuliko miradi mingi iliyozinduliwa kwa hotuba.

Jinsi mahali kamili panavyoweza kuwa ndiyo habari yote, ilionekana wazi mwaka 2007 jirani kabisa na Piyaya. Katikati ya Julai mwaka huo ardhi ilianza kutetemeka kusini mwa Ziwa Natron. Tarehe 17 lilipiga tetemeko kubwa kuliko mengine, la kipimo cha 5.9, likasikika hadi Nairobi, ambako watu walikimbia kutoka kwenye majengo marefu. Lengai ndio mlima wenye sifa ya kulipuka, kwa hiyo macho yote yalielekea huko. Wakati huo setilaiti ya Ulaya iitwayo Envisat na ile ya Japani iitwayo ALOS zilikuwa zikipita juu ya eneo hilo. Wanasayansi walichukua taswira za rada za kabla na za baada ya matetemeko, wakalinganisha mawimbi yake pikseli kwa pikseli. Ardhi ikiinuka au kudidimia hata kidogo, wimbi linalorudi huchelewa au huwahi, na tofauti hiyo hujitokeza katika taswira kama pete za rangi. Kwa Envisat kila pete ni mwendo wa sentimita 2.8.

Pete hazikujikusanya Lengai. Zilijikusanya kwenye ubavu wa kusini wa mlima Gelai, uliolala kwa ukimya kilomita 25 hivi kutoka hapo, upande wa kaskazini-mashariki. Chini yake ukuta wa magma wenye urefu wa kilomita kadhaa ulikuwa umejipenyeza kati ya miamba na kuiachanisha kwa zaidi ya mita moja, bila tone la lava kutoka nje. Matokeo hayo yalichapishwa na Eric Calais na wenzake katika jarida la Nature mwaka 2008. Tarehe 4 Septemba 2007 Lengai nao ulilipuka kwa kishindo, ukarusha majivu angani, na milipuko ikaendelea hadi mwaka uliofuata. Majivu hayo yaliharibu malisho na kuwaondoa watu kwenye maboma ya jirani. Taswira zile zingewekwa kwenye ramani kwa uzembe, magma ingehesabiwa kuwa chini ya mlima mwingine.

Tangu hapo Lengai haujaachwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulitumia rada ya setilaiti kuonyesha kwamba kati ya 2013 na 2023 eneo la kilele chake lilikuwa likididimia takriban sentimita 3.6 kwa mwaka. Hakuna binadamu angeweza kulihisi hilo kwa miguu.

Sasa tulifungue faili lenyewe. Jina lake huanza na herufi kama hizi: S1A_IW_GRDH_1SDV, zikifuatwa na tarehe na saa. S1A ni setilaiti. IW ni namna ya kupiga taswira, inayochukua ukanda wa kilomita 250 kwa upana, kiasi cha kuibeba Piyaya, Karatu na Ziwa Natron kwa pamoja. GRDH inamaanisha kwamba vipimo vimekwisha kuwekwa wastani hadi kufikia pikseli za mita 10. DV ni kwamba mawimbi yalitumwa yakiwa wima na kupokewa kwa namna mbili, wima na mlalo. Ukilipakua, uzito wake unakaribia gigabaiti moja. Lile la aina nyingine, linalotumika kupima mwendo wa ardhi kama wa Gelai, huzidi gigabaiti nne. Kwa mtu anayenunua bando kwa shilingi zake, tofauti hiyo ni ya kufikiria kabla ya kubonyeza.

Kinachofika kwenye kompyuta ni folda yenye folda ndani yake. Moja imebeba vipimo, nyingine maelezo ya njia ya setilaiti na vyombo vyake, nyingine majedwali ya kusawazisha, nyingine picha ndogo ya kuchungulia, na juu yake kuna faili moja la orodha ya vyote. Ndani ya folda ya vipimo kuna mafaili mawili yanayoishia na tiff. Hapo ndipo wengi hunaswa. TIFF ni umbizo la picha linalojulikana tangu 1986, na programu yoyote ya ramani hulifungua. Mtu hulivuta faili hilo hadi kwenye QGIS, akaona picha ya kijivu, akadhani kazi imekwisha. Lakini taswira hiyo yenye pikseli zaidi ya milioni 400 imefungwa kwenye dunia kwa pointi 200 hivi tu zilizotawanywa juu yake. Kati ya pointi moja na nyingine programu hubahatisha kwa kunyoosha. Kwenye bahari tulivu kubahatisha huko kunavumilika. Kwenye nchi inayoanguka kutoka vilele vya Gol hadi Natron, ziwa lililo mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, hakuvumiliki hata kidogo.

Sababu ni kwamba rada hupima muda tu. Kilele cha Lengai kimeinuka zaidi ya mita 2,000 juu ya tambarare inayokizunguka. Kwa setilaiti inayotazama kwa mshazari, kilele hicho kiko karibu zaidi kuliko ardhi iliyo moja kwa moja chini yake, hivyo mwangwi wake hufika mapema na kuandikwa mapema. Hesabu yake si ngumu: kimo hugawanywa kwa tanjenti ya pembe ya mawimbi. Pembe ikiwa nyuzi 39, mita 2,000 za kimo husogeza kilele karibu kilomita mbili na nusu kuelekea setilaiti ilipo. Mteremko mkali kupita pembe hiyo hupinduka kabisa, kilele kikatangulia mguu. Upande wa pili wa mlima, pale ambapo mawimbi hayafiki, hubaki mweusi. Weusi huo unafanana mno na maji, na mashine isiyoelekezwa inaweza kuchora ziwa kwenye mteremko usio na hata chemchemi.

Dawa yake ni kuipa kompyuta umbo la nchi. Programu ya bure ya Shirika la Anga la Ulaya, iitwayo SNAP, huchukua modeli ya mwinuko, hukokotoa kila sehemu ya ardhi ingetoa mwangwi wake saa ngapi, kisha huirudisha kila pikseli mahali pake. Modeli inayotumika zaidi ilitengenezwa Februari 2000, chombo cha Marekani kiitwacho Endeavour kilipozunguka dunia kwa siku 11 kikiwa na rada mbili, moja ikiwa kwenye ncha ya mlingoti wa mita 60. Kilipima takriban asilimia 80 ya nchi kavu. Kwa muda mrefu nje ya Marekani ilipatikana ile ya mita 90 tu; ile ya mita 30 ilifunguliwa kwa umma kuanzia Septemba 2014, na Afrika ndiyo iliyotangulia.

Kuna jambo ambalo fundi wa mbali hawezi kulijua asipoambiwa. Mwaka 2000 kreta ya Lengai ilikuwa imejaa lava hadi ukingoni, ikimwagika pembeni. Milipuko ya 2007 na 2008 iliifumua, ikaacha shimo refu lililozungushiwa koni mpya ya majivu. Anayeinyoosha taswira ya leo kwa modeli ya 2000 ananyoosha kilele kwa umbo la mlima ambao haupo tena. Modeli mpya zaidi ya mita 30, iliyotokana na setilaiti za Ujerumani ziitwazo TanDEM-X zilizopima kati ya 2011 na 2015, nayo inapatikana bure. Katika menyu ya programu ni suala la kuchagua mstari mmoja badala ya mwingine. Watu wengi huacha ule uliotangulia kuwekwa.

Kosa la pili la mahali ni dogo kwa mita na kubwa kwa madhara. Ramani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000, ambazo bado ziko kwenye makabati ya ofisi za wilaya, zilichorwa kwa mfumo wa rejea uitwao Arc 1960. Setilaiti na simu za mkononi hutumia WGS 84. Mifumo hii miwili inatofautiana kuhusu kitovu cha dunia kilipo, na kwa Tanzania Kaskazini tofauti hiyo inaiweka pointi ileile mahali pawili, zikipishana mita 300 hivi, hasa kwa upande wa kaskazini na kusini. Namba zake zinafanana sana, tarakimu kwa tarakimu, kiasi kwamba jicho halishtuki. Faili ambalo limeandikwa jina la mfumo usio wake litafunguka vizuri, litatandazika vizuri, na litakuwa limekosea.

Mita 300 ni nini katika nchi pana hivi? Karibu na Oldupai kuna rundo la mchanga mweusi wa majivu ya Lengai linalohama kwa upepo, mita 17 hivi kila mwaka, na wenyeji wameweka alama za lilikopita. Kosa la mifumo miwili kuchanganywa ni safari ya mchanga huo kwa zaidi ya miaka 15. Na kuna jambo zito kuliko mchanga. Mwezi Juni 2022 Serikali iliweka vigingi kuzunguka kilomita za mraba 1,502 za eneo ambalo baadaye lilitangazwa kuwa Pori la Akiba Pololeti, na Piyaya ni miongoni mwa vijiji vinavyopakana nalo. Uwekaji huo ulizua mvutano mkubwa uliofika mahakamani. Mhadhara huu hauamui haki iko wapi kati ya pande hizo. Unasema tu kwamba mahali ambapo ng'ombe aliyevuka mstari anaweza kukamatwa na mwenyewe akatozwa faini, hakuna upande wowote unaopaswa kuleta ramani isiyosema imechorwa kwa mfumo gani.

Kuna ugumu mwingine wa Bonde la Ufa. Wapima ardhi hugawa dunia katika kanda za nyuzi sita sita, na mpaka kati ya kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo ya nyuzi 36 Mashariki, inayokatiza Ziwa Natron lenyewe. Piyaya na Lengai ziko kanda ya 36 Kusini. Kilele cha Gelai kiko kanda ya 37. Taswira moja ya Sentinel-1 huvibeba vyote. Mwenye kuandaa ramani ya Piyaya achague kanda ya 36 Kusini juu ya WGS 84, na asikubali programu imchagulie kwa kutazama katikati ya taswira, kwa maana katikati hiyo inaweza kuangukia upande wa pili.

Mahali pakishapatikana, kunabaki swali la namba. Ndani ya faili ghafi kila pikseli ni namba nzima kati ya 0 na 65,535, ambayo peke yake haina maana. Inapaswa kusawazishwa kwa majedwali yaliyokuja kwenye folda ili iwe kipimo cha nguvu ya mwangwi, kinacholinganishika na cha mwezi uliopita, kisha kwa kawaida hugeuzwa kuwa desibeli. Anayeruka hatua hii hupata picha nzuri ya kutundika ukutani ambayo haiwezi kulinganishwa na picha nyingine yoyote. Na kwenye ukingo wa taswira, ambako setilaiti haikupima kitu, faili huweka sifuri. Sifuri hiyo isipotajwa waziwazi kuwa ni pengo, kompyuta itaihesabu kuwa mwangwi hafifu kupita yote. Mwangwi hafifu ni dalili ya maji. Ndivyo unavyoweza kupata, kwenye ripoti rasmi, mafuriko marefu yaliyonyooka mbavu mbili kama yaliyopigwa rula.

Kwa Piyaya maji ndiyo kiini. Maji yaliyotulia huurusha mbali mwangwi, setilaiti isipokee kitu, na lambo huonekana doa jeusi. Mara nyingi hushuka chini ya desibeli 18 hasi. Lakini nyanda za nyasi fupi zina tabia yake. Udongo wake umetokana na majivu ya volkano za Kerimasi na Lengai, chini yake kuna tabaka gumu lisiloruhusu miti, na wakati wa kiangazi uso wake unakuwa mkavu, tambarare na laini. Uso wa namna hiyo nao hurudisha mwangwi kidogo. Kwa rada, uwanda mkavu wa Agosti unaweza kukaribia weusi wa maji. Mvua ikinyesha, udongo uliolowa hung'aa ghafla, na taswira mbili zilizopishana siku 12 huonyesha manyunyu yamepita wapi. Ndiyo maana taswira moja, hata iliyonyooshwa vizuri, haitoshi. Inatakiwa mfululizo, na kila moja iwe imeandaliwa kwa hatua zilezile, vinginevyo tofauti itakayoonekana itakuwa ya fundi, si ya mvua.

Halafu kuna chenga. Taswira ya rada imejaa vidoa vyeupe na vyeusi vinavyotokana na mawimbi kugongana, na programu hutoa kichujio cha kuvituliza kwa kuchukua wastani wa majirani. Kichujio cha pikseli saba kwa saba hutazama eneo la mita 70 kwa 70. Taswira hutoka laini, ya kupendeza, inayofaa jalada la ripoti. Lambo lenye upana wa mita 40, linalonywesha mifugo ya maboma kadhaa, limeyeyuka. Mwandishi anaona hiki ndicho kitendo chenye madhara kuliko vyote katika kazi nzima, kwa sababu hakiachi alama. Mlima uliokaa vibaya utamshtua mtu. Lambo lililofutwa halimshtui yeyote ila mwenye ng'ombe, naye haonyeshwi ramani. Kwa maji madogo ni afadhali kuacha chenga zilivyo na kuchukua wastani wa tarehe kadhaa za msimu mmoja. Pikseli hubaki na mita zake 10 na lambo hubaki na umbo lake.

Baada ya yote hayo ndipo faili huandikwa upya. Umbizo linaloandikwa karibu kila mahali ni GeoTIFF. Lilianzishwa miaka ya 1990 na Niles Ritter wa maabara ya JPL huko California, na mwaka 2019 likawa kiwango rasmi cha OGC, jumuiya ya kimataifa inayosimamia viwango vya taarifa za kijiografia. Wazo lake ni jepesi: ndani ya picha ya kawaida ya TIFF huongezwa vibandiko vichache vyenye namba. Kimoja hutaja ukubwa wa pikseli kwa mita, kingine hutaja pikseli ya kona iko wapi duniani, kingine hutaja mfumo wa rejea na kanda. Namba chache hizo zikiwa sahihi, QGIS, simu au programu nyingine yoyote huiweka taswira mahali pake bila kuuliza. Vifaa vya GDAL, vilivyoanzishwa na Frank Warmerdam wa Kanada mwishoni mwa miaka ya 1990, hufanya kazi hiyo kwa amri ya mstari mmoja, na huweza kulipanga faili kwa vipande ili mtu asome eneo lake tu kupitia intaneti bila kupakua lote.

Watu wa Alaska walikuwa wa mapema kuona kwamba mtumiaji wa kawaida hapaswi kupitia mateso haya. Kituo cha setilaiti cha Chuo Kikuu cha Alaska Fairbanks, ASF, kiligawa bure programu iitwayo MapReady, iliyogeuza mafaili ya rada za zamani kama ERS na ALOS kuwa GeoTIFF. Leo kituo hicho hupokea maombi kwa mtandao na kurudisha taswira ya Sentinel-1 iliyokwisha kunyooshwa. Mradi wa NASA uitwao OPERA umekuwa ukitoa za mita 30 kwa karibu nchi kavu yote tangu Oktoba 2023. Na tarehe 30 Julai 2025 ilirushwa kutoka India setilaiti ya NISAR, ya Marekani na India, yenye wimbi la sentimita 24 hivi linalopenya majani kuliko la Sentinel-1. Data zake huja katika umbizo liitwalo HDF5, na baadhi yake zimekwisha kupewa mahali kabla hazijamfikia mtumiaji.

Huduma hizi ni neema, na ofisi isiyo na kompyuta kubwa haina sababu ya kuzikataa. Hata hivyo zimefanya uchaguzi kwa niaba ya Piyaya. Pikseli ya mita 30 inafaa kwa Ziwa Natron na mashamba makubwa ya Karatu. Lambo la mita 40 linakuwa pikseli moja, au vipande vya pikseli mbili. Kituo cha RCMRD cha Nairobi, kilichoanzishwa 1975 na ambacho Tanzania ni mwanachama wake, kimefundisha mafundi wengi wa kanda hii. Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam hutoa wapima ardhi na wataalamu wa ramani kila mwaka. Ujuzi upo. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuushusha hadi kata, kwa faili dogo linalohusu kata hiyo tu.

Na dogo linawezekana. Eneo la kilomita 30 kwa 30 kwa pikseli za mita 10 ni pikseli milioni tisa. Likihifadhiwa kwa ukamilifu wa namba zake ni megabaiti 36. Likipunguzwa hadi ngazi 256 za kijivu kwa ajili ya kutazama tu, ni megabaiti tisa, na likibanwa hupungua zaidi. Hilo linaingia kwenye simu kwa kebo au kadi ya kumbukumbu bila bando. Programu ya bure ya QField hulifungua bila mtandao, ikionyesha mwenye simu amesimama wapi juu ya taswira.

Hapo afisa mifugo akiongozana na mzee anayeyajua maji ya Piyaya wanaweza kutembea kutoka doa jeusi moja hadi jingine. Kila walipofika waandike: lambo lina maji, lambo limekauka, au ni uwanda mkavu ulioidanganya setilaiti, jina la mahali kama linavyotajwa na wenyewe, na tarehe. Pamoja na faili, fundi naye aandike kwenye karatasi ile ile mambo sita: tarehe ya taswira, setilaiti ilikuwa ikipanda au ikishuka, modeli ya mwinuko iliyotumika, mfumo wa rejea na kanda, kichujio kama kilikuwepo, na namba inayowakilisha pengo. Nakala moja ibaki ofisi ya kata, nyingine iende wilayani. Taswira inayofuata ikija, baada ya siku 12, ipitie hatua zilezile kabla mtu hajasema maji yameongezeka au yamepungua.